Maoni ya Bwana Wessely Kuhusu Mbwa Arko

Alhamisi jioni Ottokar Wessely hakuwa mtu wa kukaa naye chumba kimoja. Kipindi kilianza saa mbili na robo, lakini yeye tangu saa moja na nusu alikuwa ameshavuta kiti, amechonga penseli, amefungua daftari na kuanza kuguna kabla hata muziki haujapigwa. Kipindi chenyewe kiliitwa Tafuta, Arko, na nusu ya Vienna ilikitazama. Kulikuwa na mpelelezi mtanashati wa kikosi cha mauaji, asiye na mke wala kitana, na kulikuwa na Arko, mbwa wa polisi mwenye mgongo mweusi na miguu ya rangi ya asali, ambaye kila juma alifumbua mauaji yaliyowashinda watu waliosoma.

Wessely naye alikuwa amesoma, ila walimu wake walikuwa na miguu minne. Alishika mbwa katika polisi ya Vienna miaka ishirini na mitatu. Alipostaafu, cheo hakikustaafu naye. Kwenye yale majumba ya manispaa ya mtaa wa Favoriten majirani waliendelea kumwita Bwana Inspekta, na mkewe Gundi, aliyeshona makoti maisha yake yote na hakuwahi kumkamata hata kuku, wakamwita Bi Inspekta. Ndivyo ilivyo huko, cheo cha mume humwingia mke kama harufu ya kitunguu kwenye pazia.

"Mtazame," Wessely alisema, penseli hewani. "Upepo unatoka mgongoni kwake, halafu eti amenusa maiti iliyo mbele. Ameisoma kwenye gazeti?"

"Otti, nyamaza. Watu wanakufa humo ndani na mimi sisikii wanakufaje."

"Na amelala kitandani kwa bosi wake. Mbwa wa kazi, kitandani."

"Hata wewe unalala kitandani, na kazi uliacha siku nyingi."

Bi Navratil, mjane wa ghorofa ya pili, alicheka mpaka akajimwagia mvinyo. Alikuja kila Alhamisi na sahani ya biskuti kwa kisingizio kwamba televisheni yake inamchezea. Ukweli ni kwamba alikuja kuwatazama hao wawili wakigombana, jambo ambalo halikuoneshwa kwenye stesheni nyingine yoyote.

Ijumaa asubuhi Wessely aliketi kwenye mashine yake ya chapa na kuandika barua kwa dawati la maoni ya watazamaji. Kufikia Oktoba ile alikuwa amekwisha kutuma arobaini na saba. Kila moja ilijibiwa, na kila jibu lilikuwa lilelile: kadi yenye picha ya Arko, alama ya unyayo wa mbwa kwa wino, na maneno, "Asante kwa maoni yako. Wako, Arko." Wessely aliipima ile alama kwa rula. Akaandika barua nzima kueleza kwamba huo ni unyayo wa nyuma wa kijibwa kidogo, pengine cha aina ile inayobebwa kwenye mikoba ya akina mama. Akajibiwa kwa kadi, na unyayo uleule.

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi na hasira zake, na zilimfaa, maana mstaafu asiye na hasira hulala mchana. Mambo yalibadilika kwenye kipindi cha tano cha msimu mpya. Mwizi alijificha jikoni kwa hoteli, akaangusha rafu nzima ya sufuria. Mpelelezi aliruka. Gundi aliruka. Bi Navratil aliachia biskuti. Arko alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye sufuria zile, na masikio yake hayakutikisika.

Wessely aliweka penseli chini.

"Gundi, hiki unakirekodi?"

"Kama kawaida. Kwani nini?"

Usiku ule Wessely alijigeuza kitandani hadi Gundi akamtishia kwamba atamhamishia jikoni. Ijumaa hakuandika barua. Alitoa kanda zote tano za msimu ule, akafunga sauti, akazitazama moja baada ya nyingine, pua karibu iguse kioo. Sikio la mbwa mzima halitulii. Hata akilala, moja linazunguka likikusanya habari. Masikio ya Arko yalisimama kama vibao viwili vya mlangoni. Na kila kabla ya kutenda jambo, kabla ya kubweka, kabla ya kuruka, macho yake yalikwenda kwanza kushoto, nje kidogo ya picha, yakangoja, ndipo akatenda. Pale kushoto alisimama mtu. Wessely alijua mtu huyo anafanya nini kwa mkono wake, na alijua ni mkono gani.

Gundi alirudi kutoka sokoni, akamkuta sakafuni mbele ya televisheni isiyo na sauti.

"Leo umekuwa shabiki?"

"Ni kiziwi."

"Nani tena?"

"Arko. Ukimlipulia bomu nyuma ya mkia hatageuka."

Gundi aliweka kikapu chini, akaketi kwenye mkono wa kiti na koti lake mwilini. Aliitazama ile picha bubu muda mrefu. "Masikini wa Mungu," alisema. Halafu akageukia kabati, palipokuwa na picha ya mbwa mwingine kwenye fremu ya fedha. "Angalau Tasso wetu aliondoka na masikio yake."

Wessely alinyanyuka, akaenda dirishani, akatazama uani, ambako mtu alikuwa akipiga zulia kwenye chuma cha kupigia mazulia. Gundi, aliyezoea kwamba jina la Tasso humfunga mumewe mdomo, akaenda kumenya viazi.

Tasso alikufa miaka kumi na tisa iliyopita kwenye reli za Matzleinsdorf, asubuhi moja ya Novemba, wakimfukuza mwizi wa nyaya za shaba. Ripoti ilisema sungura alichomoka kwenye majani kando ya njia, mbwa akamfuata, treni ikaja. Wakubwa walitikisa vichwa. Mbwa ni mbwa. Gundi, aliyemlea Tasso tangu akiwa mtoto wa kujaa kwenye kofia, alilia juma zima, kisha akaapa. Tangu siku hiyo sungura hakuingia nyumbani kwake. Na hapo awali ndicho chakula alichokuwa bingwa wake, sungura wa mchuzi wa maziwa mazito na madonge ya mkate, mapishi ya mama yake, ambayo Wessely aliwahi kusema kwamba aliyaoa pamoja naye. Kila msimu wa vuli, wauza nyama walipotundika sungura madirishani, Gundi alivuka barabara. Bi Navratil ana kaka yake mwindaji. Kila mwaka alimletea Gundi sungura mmoja mlangoni, na kila mwaka alirudishwa naye. "Mpelekee mwingine huyo muuaji," Gundi alisema, na hakuwa anatania.

Hakukuwa na sungura yeyote. Tasso alikuwa kiziwi tangu masika ya mwaka ule. Wessely aliligundua kabla ya daktari na hakumwambia daktari. Mtihani wa mwaka alimvusha kwa ishara za mkono wa kushoto, mkono umelala pajani, msimamizi amesimama upande wa kulia na kuandika "utii bora kabisa". Bila Tasso angerudishwa nyuma ya dawati kugonga mihuri, na kulikuwa na jingine pia, la aibu zaidi: alipenda kuonekana naye. Asubuhi ile mbwa alikuwa mbele, amempa kisogo, na mkono haufai kitu kwa mbwa aliyekupa kisogo. Wessely alipuliza filimbi hadi midomo ikapasuka. Alipokuwa anaandika ripoti, kidole chenyewe kilichapa neno sungura.

Sasa, Jumamosi, gazeti lilileta ukurasa wa televisheni. Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa treni za mizigo kule Brigittenau, itapigwa picha tamati ya msimu: Arko anakatisha reli mbele ya kichwa cha treni kinachotembea, anamkamata muuaji. Watazamaji wanakaribishwa kushuhudia nyuma ya kamba. Tafadhali msije na soseji.

Wessely aliisoma mara tatu. Kutoka hapo hakukalika. Alikwenda uani akarudi, akapanda hadi chumba cha kufulia bila nguo, akashuka. Jumapili aliacha nusu ya chakula. Gundi alimwambia anahangaika kama kuku mwenye yai, basi atage tu watu wapumzike. Angeweza kukaa kimya. Hilo ndilo lililomtesa. Angeweza kukaa kimya na hakuna mwanadamu angejua kwamba alijua, na alikwishajionea mwenyewe jinsi kazi hiyo ilivyo nyepesi.

Jumatatu alivaa tai akaenda kituo cha televisheni.

Dawati la maoni ya watazamaji lilikuwa chumba kimoja chenye simu tatu na mtu mmoja, Bwana Leitgeb, kijana kiasi wa miaka arobaini, fundo la tai limekaa sawasawa, sauti ya mtu aliyezoea kutukanwa na wastaafu. Alikuwa anasikiliza simu na kuandika. "Ndiyo, bibi. Skafu ya mpelelezi haiendani na mauaji. Nimeandika, bibi. Na kwako pia." Akaweka mkono wa simu chini, akatazama kitambulisho alichosukumiwa, uso ukamchangamka.

"Bwana Inspekta Wessely. Hatimaye napata sura ya kubandika kwenye barua." Akavuta faili kutoka rafuni, nene kama tofali. "Haya yote ni wewe."

"Bwana Leitgeb, mbwa ni kiziwi. Kesho msimpeleke relini."

Leitgeb hakucheka. Alitoa kasha lingine, akalipekua kwa vidole viwili. "Ajabu, maana mwaka huu watu wanampenda kuliko wakati wowote. Sikiliza. Mama mmoja wa Linz: 'Tangu Septemba Arko ananitazama mimi, kwenye kiti changu, kana kwamba anajua nimefiwa.' Mwalimu wa Graz: 'Siku hizi anafikiri kabla ya kutenda, natamani darasa langu lingemwiga.' Huyu wa Steyr anasema yana huzuni ya binadamu, hayo macho. Zimepita mia mbili, Bwana Inspekta, na zote zinazungumzia macho. Wakubwa wamefurahi sana."

"Anatazama mkono wa mlezi wake. Hana njia nyingine."

"Watu hawaandiki hivyo."

"Watu hawajawahi kushika mbwa."

Leitgeb alishusha pumzi, akafungua lile faili nene. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Uniwie radhi. Barua ya tatu unasema mbwa ni mnene. Ya kumi na moja, amekonda, ananyimwa chakula. Ya thelathini, siyo Arko kabisa, ni dada yake. Leo ni kiziwi. Sasa mimi nipande juu, niwaambie wasimamishe watu sitini na treni?"

"Ile ya dada ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli," Leitgeb alikiri kwa sauti ya chini. "Lakini hakufa mtu. Nitaiweka kwenye karatasi ya maoni ya juma."

"Karatasi inakwenda juu lini?"

"Ijumaa."

Akampa kadi. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rundo, kwa mazoea, na alipoitambua aibu, kadi ilikuwa tayari imeshapokewa. Wessely alisimama barabarani na unyayo wa kijibwa kidogo mkononi, akaona barua zake arobaini na saba zilikuwa za nini. Alikuwa ametumia sauti yake yote kulalamikia mwelekeo wa upepo. Siku aliyoihitaji, haikubaki.

Asubuhi ya Jumanne alifungua droo ya chini, chini ya fulana za baridi, akatoa filimbi ya shaba. Aliitia mfukoni kabla Gundi hajageuka. Gundi alikuwa mbele ya kioo na koti lake la rangi ya damu ya mzee, alilojishonea mwenyewe, akijipaka midomo rangi.

"Nikimwona yule mpelelezi nitamwambia achane nywele," alisema. "Na wewe usinitie aibu, Otti. Leo hakuna daftari."

"Hakuna daftari."

Bi Navratil alikuja nao. Kule Brigittenau walikuta watu wapata mia tatu nyuma ya kamba, na muuza njugu za kuchoma amekwisha kunusa biashara. Watu walikuwa wanatoa maoni yao huku wakipuliza vidole kwa baridi. Mzee mmoja mwenye kijibwa kirefu cha miguu mifupi alisema msimu wa kwanza ulikuwa bora kwa sababu wauaji walikuwa na adabu. Mama mwenye kofia alisema mpelelezi angeoa. "Amuoe nani, na mbwa anamlalia kitandani?" akauliza mwingine. Walipomleta Arko, wote walinyamaza, kisha wakaguna kwa mapenzi, kama watu waliooneshwa mtoto mchanga.

Wessely hakumtazama mbwa. Alimtafuta mlezi, akamwona: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti la kijani, nywele fupi, anaitwa Roswitha Kofler kwa mujibu wa maandishi ya mwisho wa kipindi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani. Vidole viwili vilijikunja, mbwa akaketi. Vidole vitatu vilinyooka, mbwa akasimama. Hakufungua kinywa hata mara moja. Ilikuwa lugha ya Wessely mwenyewe, aliyoitunga kwa siri miaka kumi na tisa nyuma akidhani hakuna mwingine duniani anayeijua.

Walijaribu kwanza bila treni. Arko aliachiwa upande huu, akakatisha reli mbili hadi kwa muuaji, akamshika mkono wa koti. Watu walipiga makofi. Kisha kichwa cha treni cha rangi ya machungwa kikaanza kurudi nyuma polepole kujipanga mbali kule, na Wessely akaona kilichokuwa kinakuja. Mbwa atakimbia amempa kisogo mlezi wake. Ikiwa ataanguka, ikiwa atakengeushwa na harufu, ikiwa mwendesha treni atakosea kwa sekunde mbili, hakuna kitu cha kumwita.

Mwongozaji aliinua kipaza sauti. "Kimya, tafadhali. Kimya kabisa."

Watu mia tatu wakanyamaza. Hata muuza njugu aliacha kukoroga makaa. Wessely alichukia kile alichotaka kufanya, akapiga moyo konde, akatia filimbi mdomoni, akapuliza.

Sauti ilipasua uwanja. Mpelelezi aligeuka. Muuaji aligeuka. Wapiga picha, mwongozaji, mwendesha treni dirishani, Gundi, watu mia tatu, na kijibwa cha miguu mifupi kikabweka kama kimekanyagwa. Njiwa wote wa paa la ghala waliruka. Katikati ya yote hayo Arko aliketi pale alipokuwa ameketi, masikio juu, anautazama mkono wa Roswitha Kofler.

Ilichukua muda kabla watu hawajaelewa walichokiona. Wengine hawakukiona. Walinzi wawili walimshika Wessely mikono, Bi Navratil akajitenga hatua moja, na mwongozaji akatoa maneno ambayo kituo hakingeyarusha hewani. Lakini Roswitha alikuwa amekwisha kuvuka, mbwa ubavuni, uso umempauka.

"Mwachieni," aliwaambia walinzi. Kisha kwa Wessely, kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, nakuomba. Usiseme kwa sauti."

"Tangu lini?"

"Machi."

"Na wao hawajui."

"Mbwa wa pili hajawa tayari. Wakijua leo, msimu umevunjika, na mimi narudi kufundisha vijibwa vya watu kukaa. Ni mara hii moja tu. Treni yenyewe inakwenda mwendo wa konokono."

"Na yangu ilikuwa inakwenda mwendo wa konokono."

Alikuwa amekusudia kuishia hapo. Alitaka kusema neno la kitaalamu, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi, likaeleweka nusu na kuzikwa palepale. Lakini Roswitha alikuwa anamtazama bila kuelewa, na nyuma yake kichwa cha treni kilikuwa kimesimama kinanguruma. Gundi alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumgusa kiwiko.

"Nilikuwa na mbwa," Wessely alisema. "Tasso. Akawa kiziwi, nikamficha. Nilimvusha mtihani kwa mkono huohuo ulioushika hapo pajani. Nikampeleka relini kwa sababu nilitaka kubaki mtu mwenye mbwa. Alikuwa mbele yangu, nikapuliza filimbi hii, naye hakugeuka. Aliendelea kukimbia kwa furaha tu. Nikawaambia watu alifuata sungura." Aliitia filimbi mfukoni. "Hakukuwa na sungura, binti yangu. Nilikuwepo mimi."

Roswitha aliinama. Labda alitaka kuficha uso. Alitoa mkanda mfukoni, akaubana kwenye shingo ya mbwa, akasimama, akaanza kutembea kuelekea getini bila kumuaga yeyote, na mwongozaji nyuma yake anaita jina lake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Arko alipompita Wessely alinusa upindo wa suruali yake kidogo, kwa heshima, akaendelea na safari.

Wessely aliogopa kugeuka. Alipogeuka, Gundi alikuwa anafunga kifungo cha juu cha koti, polepole, kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Tutakosa tramu," alisema.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Magazeti yaliandika kwamba Arko anastaafu kwa sababu za afya na kwamba mzee mmoja alivuruga upigaji picha. Jina lilifichwa, lakini Bi Navratil hakulificha. Kwenye ngazi majirani waliacha Bwana Inspekta, wakasema tu "habari za asubuhi" kwa ukuta. "Alhamisi zetu amezila," alisikika mtu uani. "Kazi yake kupuliza filimbi, na mkewe anapika kwa filimbi pia?" Wengine wakacheka. Leitgeb alituma barua, ya kwanza ya kweli, mistari miwili: simu zake tatu haziachi kulia, watu wanalia nazo, na yeye, Leitgeb, anaomba radhi kwa ile kadi.

Wessely angevumilia hayo yote na zaidi. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba Gundi alizungumza naye kama kawaida. Alizungumza juu ya bei ya viazi, juu ya bomba la bafuni linalovuja, juu ya pindo la pazia. Juu ya Jumanne hakugusa neno. Alhamisi kituo kilirusha kipindi cha zamani, na saa mbili na robo Gundi aliketi jikoni akishona, mlango wazi, televisheni imezimwa. Mara mbili Wessely alisimama kwenye kizingiti na maneno mdomoni. Mara mbili Gundi aliinua macho, akamngoja, naye akaomba maji ya kunywa. Picha ya Tasso ilikuwa bado juu ya kabati, imefutwa vumbi. Hakujua aichukulieje.

Jumamosi alimwona Gundi kupitia dirisha akirudi kutoka sokoni. Alikuja moja kwa moja mbele ya duka la muuza nyama, bila kuvuka barabara.

Jumapili, karibu na saa sita mchana, harufu ilimfikia sebuleni. Kwanza hakuitambua. Ilikuwa siki, kungumanga, mafuta ya nguruwe, maziwa yanayoanza kushika chungu. Kisha mwili mzima ukaikumbuka kabla yake, akaifuata hadi mezani.

Meza iliandaliwa kwa mtu mmoja. Gundi alileta sahani kwa mikono miwili: nyama nyeusi, mchuzi mzito, madonge mawili ya mkate. Akaiweka mbele yake, akavuta kiti cha upande wa pili, akaketi na aproni yake.

"Gundi."

"Kula."

"Gundi, mimi nilitaka..."

"Miaka kumi na tisa," alisema, na sauti yake haikupanda, "nimevuka barabara. Nimemtukana mnyama ambaye hata hakuwepo. Watu wakinicheka nikaona sawa tu, nacheka na mimi, kwani wao wanajua nini. Na wewe ukikaa hapo hapo ulipo, unanisikiliza." Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Huyo hana kosa. Kula. Ukimaliza utanisimulia upya, tangu siku uliyojua, na usiruke kitu."

Wessely alikata kipande. Kilikuwa kitamu kama zamani, na hilo ndilo lililomtoa machozi, akayaacha yatiririke. Kila alipotaka kuweka uma chini aliinua macho kwanza, akayatazama ya Gundi, akangoja. Hakuona kilichomruhusu kuacha, akakata kipande kingine.